Siku nne Pozzuoli: mji uliokaa juu ya Puteoli

Anayesoma Matendo ya Mitume anakutana na jina Puteoli katika sura ya 28, aya ya 13. Paulo, akiwa mfungwa, anashuka hapo kutoka meli ya Iskanderia, anakaa siku saba kwa ndugu wa imani, kisha anaendelea kwa njia ya nchi kavu kwenda Rumi. Bandari hiyo haikupotea. Ndiyo Pozzuoli ya leo, magharibi ya Napoli, na imekaliwa tangu karne ya 6 KK, Wagiriki wa kisiwa cha Samos walipoianzisha kwa jina la Dikaiarchia. Roma ilipeleka walowezi wake mwaka 194 KK, na kwa zaidi ya miaka 200 iliyofuata hapa ndipo palipokuwa mlango wa bahari wa jiji la Roma.

Ratiba hii inaanza Alhamisi na kuishia Jumapili, kwa sababu maalumu: njia ya chini ya ardhi ya Rione Terra, mwamba ulipoanzia mji, ambayo ndiyo kiini cha safari yote, mara nyingi hufunguliwa mwisho wa wiki tu, kwa makundi yenye mwongozaji na kwa kuweka nafasi mapema. Weka nafasi hiyo kwanza, mengine yote uyapange kuizunguka.

Siku ya 1, Alhamisi. Sokoni, halafu kwenye mashua zilizokwama

Saa 3 asubuhi, stesheni ya Montesanto, Napoli. Reli mbili zinafika Pozzuoli. Cumana, inayoanzia hapa, inakushusha chini karibu na bandari. Linea 2, inayopita stesheni kuu ya Napoli, inakuacha juu kilimani, kwenye kituo cha Pozzuoli Solfatara. Leo ni Cumana, kesho ni ile ya juu. Kinachoharibu ratiba za watu ni tetemeko: likiwa na nguvu, treni husimamishwa mpaka mafundi wakague njia na mahandaki. Kwa hiyo usikate tiketi ya ndege ya jioni kwa siku ambayo asubuhi yake bado uko Pozzuoli.

Kutoka stesheni ni mwendo mfupi hadi soko la kale. Wenyeji wanaliita Serapeo, na jina hilo ni kosa lililozeeka. Mwaka 1750, enzi za mfalme Charles wa Bourbon, wachimbaji walikuta hapa sanamu ya Serapis, mungu wa Misri, wakaamini wamefika hekaluni. Lakini ramani ya jengo inasema wazi kuwa ni macellum, soko la chakula: ua mkubwa wenye maduka pande zote, kijumba cha duara katikati, na vyoo vya pamoja kwenye pembe, viti vya marumaru juu ya mfereji wa maji yanayopita. Sakafu yake iko chini kuliko mtaa, hivyo unaweza kuliona vizuri ukiwa umeegemea uzio wa barabarani. Nenda asubuhi, jua likiwa bado la upande. Saa 6 mwanga unakuwa wa utosini na matundu utakayoyatafuta hayaonekani vizuri.

Matundu hayo yako kwenye nguzo tatu zilizobaki zimesimama, za marumaru ya kijani yenye mistari kutoka kisiwa cha Evia, Ugiriki, kila moja ikikaribia mita 13. Zisome kutoka chini kwenda juu. Mita 3.6 za kwanza ni laini. Kisha unakuja mkanda wa mita 2.7 hivi uliotobolewa tobo kwa tobo, kama mbao iliyoliwa na wadudu. Juu ya mkanda huo, laini tena. Aliyetoboa ni kome mdogo wa baharini anayelainisha jiwe la chokaa na kujichimbia nyumba ndani yake. Kome huyo hawezi kuishi nje ya maji. Basi kuna wakati bahari ilifika zaidi ya mita 6 juu ya sakafu hii, na nguzo zikabaki wima. Sehemu ya chini ilisalimika kwa sababu ilikuwa tayari imefukiwa na mchanga na kifusi, kome hakuifikia.

Swali lililowasumbua wasomi wa karne ya 18 lilikuwa rahisi kuuliza: bahari ilipanda au ardhi ilishuka? Kama bahari ingepanda mita 6, Italia yote ya pwani ingekuwa na alama hizo, na haina. Charles Lyell, mwanajiolojia wa Scotland, alifika hapa mwaka 1828, akaamua kuwa ni ardhi iliyozama na kuinuka tena, na picha ya nguzo hizi tatu akaiweka mwanzoni mwa kitabu chake cha jiolojia cha 1830. Baadaye magamba ya kome yaliyobaki ndani ya matundu yalipimwa umri kwa kaboni, ikaonekana kuwa ardhi haikuzama mara moja tu. Ilizama hadi mita 7 hivi kwa vipindi vitatu: karne ya 5, mwanzoni mwa zama za kati, na tena kabla ya mlipuko wa volkano wa mwaka 1538.

Wataalamu huita mwendo huu bradisizimu, kutoka maneno ya Kigiriki yenye maana ya mtikisiko wa polepole. Pozzuoli imekaa karibu na katikati ya Campi Flegrei, bonde kubwa la volkano ambalo sehemu yake iko chini ya bahari. Gesi na majimaji ya moto yakijikusanya chini, ardhi inavimba. Yakipata njia ya kutoka, inanywea. Kati ya 1969 na 1972 mji ulipanda takriban mita 1.7. Kati ya 1982 na 1984 ukapanda mita 1.8 nyingine. Tangu 2005 unapanda tena, na hadi 2025 ulikuwa umeinuka zaidi ya mita 1.3. Matetemeko ya ukubwa wa 4 na kidogo yamerudi: Mei 2024, Machi 2025, Juni 2025. Tangu Desemba 2012 eneo lote liko katika tahadhari ya rangi ya njano. Kituo cha uchunguzi wa volkano cha Napoli hutoa taarifa kila wiki. Isome kabla ya kupanda treni.

Jioni shuka Darsena, kibandari cha mashua za wavuvi. Hapa huhitaji kipimo. Mashua zinakaa kwenye tope maji yakitoka, na ngazi za gati ambazo zamani zilianzia usawa wa maji sasa zinaning'inia juu. Feri za Procida na Ischia zinaondokea jirani, na maji yakipungua huwa kuna shida ya kuteremsha mlango wa magari, kwa sababu gati limepanda na bahari imebaki pale pale. Anayetaka kwenda visiwani na gari aulize saa za maji kwanza.

Siku ya 2, Ijumaa. Uwanja wa Flavio asubuhi, zege la baharini mchana

Leo ni Linea 2. Kabla ya kushuka jua kwamba reli hii, iliyochimbwa miaka ya 1910 kuunganisha Roma na Napoli, ilipita katikati ya uwanja wa michezo wa kwanza wa Puteoli, ule mdogo na wa zamani. Matao machache yamebaki kando ya njia. Ni hasara kubwa. Mwandishi wa kale Cassius Dio anasimulia kwamba mwaka 66 BK Nero alimwandalia Tiridates, mfalme wa Armenia, maonyesho mjini Puteoli, na kwa siku nzima walioingia walikuwa Waethiopia tu, wanaume, wanawake na watoto. Ethiopia kwa Wagiriki na Warumi ilikuwa jina la watu weusi wa kusini ya Misri. Uwanja mkubwa ulikuwa bado haujakamilika, kwa hiyo huu uliokatwa na reli ndio unaoelekea kuwa mahali pa tukio hilo.

Uwanja mkubwa, wa watawala wa ukoo wa Flavius, uko mwendo mfupi kutoka kituoni. Ni wa tatu kwa ukubwa Italia, baada ya Colosseum na ule wa Capua: mita 149 kwa 116. Maandishi ya mlangoni yanajivunia kuwa mji uliujenga kwa fedha yake wenyewe. Juu, viti vingi vimechukuliwa, kwa maana watu wa karne zilizofuata waliufanya machimbo ya marumaru. Usitumie muda mwingi juu. Teremka chini ya uwanja.

Sehemu hiyo ya chini imebaki nzima kuliko karibu mahali pengine popote. Njia ndefu zinakutana chini ya matao ya matofali, na darini kuna vishimo vya mstatili vinavyotoa mwanga. Kila kishimo kilikuwa mlango wa mnyama. Vizimba vilikaa ghorofa ya juu ya vyumba vya pembeni, chini kidogo tu ya mchanga wa uwanja. Simba au dubu aliletwa kwa njia za chini, akapandishwa kwa kamba, akatokea katikati ya watazamaji bila wao kuona alikotoka. Ule mwanya mrefu wa katikati ulikuwa wa kuinulia mapambo makubwa, miti na milima ya mbao. Angalia vipande vya nguzo vilivyolazwa kando ya njia: vimewekwa humo tu, havikuwa sehemu ya mtambo. Sakafu huteleza mvua ikinyesha, kwa sababu maji yanashuka kupitia vishimo vilevile.

Solfatara, kreta yenye mvuke wa salfa iliyo juu kidogo, ilifungwa kwa wageni baada ya vifo vya watu watatu Septemba 2017. Harufu yake inatosha kukuonyesha kwa nini wengine walisema jina Puteoli linatokana na neno la Kilatini la kunuka. Wengine wanalitoa kwenye visima. Mapokeo ya Kikristo yanasema hapo ndipo San Gennaro, msimamizi wa Napoli, alipokatwa kichwa mwaka 305.

Mchana rudi baharini, kwenye gati kuu. Ndani ya gati hili la kisasa kumefukiwa gati la Kirumi: urefu wa mita 372, nguzo 15 nene za zege zilizosimama baharini na kuunganishwa kwa matao. Matao hayakuwa ya urembo. Gati la ukuta mtupu linazuia mkondo, mchanga unatua nyuma yake, na baada ya miaka bandari inajaa. Nguzo zenye matao huvunja nguvu ya wimbi lakini huacha maji yapite. Mafundi wa karne ya 20 walilifunika kwa gati lao, na leo unatembea juu yake bila kuliona. Sura yake ya zamani tunaijua kutokana na chupa ndogo za kioo za karne ya 4, zawadi walizonunua wasafiri, zilizochorwa gati, matao na majengo ya Puteoli pamoja na majina yake.

Namna lilivyojengwa ndiyo sababu mafundi wa ujenzi dunia nzima wanalijua jina la mji huu. Chokaa ya kawaida hukauka kwa kuvuta hewa ya ukaa; ukiimwaga chini ya maji inabaki uji, kisha inasombwa. Vumbi la volkano la vilima vya Pozzuoli, pozolana, lina silika na alumina zinazoshikana na chokaa kwa maji yenyewe, hewa haihitajiki. Vitruvius, msanifu wa zama za Augusto, anatoa vipimo: kwa kazi ya baharini, pozolana sehemu mbili kwa chokaa sehemu moja.

Utaratibu wake ni huu. Kwanza nguzo za mwaloni zinapigiliwa baharini na kufungwa kwa mihimili mpaka zinakuwa sanduku lisilo na kitako. Pili, sakafu ya bahari ndani ya sanduku inasafishwa na kusawazishwa. Ukiacha tope, zege linakaa juu ya kitu kinachoteleza na nguzo itainama. Tatu, sanduku linajazwa mchanganyiko na mawe ya tufu, jiwe laini la volkano, mpaka juu, maji yakisukumwa nje na uzito wenyewe. Bahari ikiwa kali kiasi kwamba sanduku halikai, Vitruvius anashauri kujenga jukwaa ukingoni, nusu yake ikiegemea sanduku la mchanga. Bonge la zege linajengwa juu yake na kuachwa likauke si chini ya miezi miwili. Kisha ukingo wa mchanga unavunjwa, mawimbi yanaula mchanga, na bonge linateleza lenyewe hadi mahali pake. Pasipo na pozolana inabidi kujenga kuta mbili za mbao, kujaza udongo wa mfinyanzi katikati, kumwaga maji nje kwa mitambo, halafu kujenga pakavu. Kazi hiyo ni nzito na ghali mno, na ndiyo maana Herode alipojenga bandari ya Kaisaria alisafirishiwa vumbi kutoka ghuba hii.

Kasoro ilikuwa moja: nguzo zilivumilia maji, lakini hazikuvumilia kila dhoruba. Maandishi ya mwaka 139 yanamshukuru kaisari Antoninus Pius kwa kurekebisha gati lililobomolewa na nguvu ya bahari. Hata hivyo zege lenyewe liliendelea kukomaa. Maji ya chumvi yanayopenya ndani huotesha fuwele za madini zinazoziba nyufa. Halina chuma ndani, kwa hiyo hakuna cha kupata kutu. Kutoka ncha ya gati tazama ng'ambo, Baia. Mwaka 39 BK kaisari Caligula alipanga merikebu kutoka hapa hadi kule, akamwaga udongo juu yake, akapita na farasi. Zilichukuliwa meli za mizigo kutoka kila mahali, nafaka ikaadimika Roma.

Siku ya 3, Jumamosi. Rione Terra, juu na chini

Hii ni siku ya kwenda taratibu. Vaa viatu vyenye soli ya mpira na koti jepesi hata Julai: chini kuna baridi na unyevu. Begi kubwa liache hotelini, kuna milango ya kuinama.

Rione Terra ni mwamba wa tufu unaotoka baharini, kimo chake mita 33, na ndipo mji ulipoanzia. Asubuhi ya tarehe 2 Machi 1970, baada ya vipimo kuonyesha kuwa ardhi inapanda kwa kasi, serikali iliamuru wote waondoke. Watu wapatao 3,000, wengi wao wavuvi na familia maskini, walitolewa siku hiyo na askari. Hawakurudi kuishi. Walihamishiwa nyumba mpya za Toiano, na mwamba ukafungwa. Miaka ya 1983 na 1984, ardhi ilipopanda tena, ilikuwa zamu ya sehemu kubwa ya mji wa chini. Makumi ya maelfu walihamishwa, na mtaa mzima wa Monteruscello ukajengwa kwa ajili yao. Unapopita mitaa hii iliyopakwa rangi vizuri, kumbuka kuwa usafi huo umetokana na kuhamishwa kwa watu. Uchimbaji uliweza kuanza mwaka 1993 kwa kuwa hakukuwa na mtu juu.

Swali ambalo wageni huuliza wakifika chini: mji ulizikwaje? Hakuna majivu ya volkano kama ya Pompei. Mji ulijizika wenyewe. Baada ya mlipuko wa 1538, watawala wa Kihispania wa Napoli walipotaka Pozzuoli ikaliwe tena, wajenzi hawakubomoa kuta za Kirumi. Walizitumia kama msingi. Barabara ya Kirumi ilizibwa juu kwa tao, ikawa stoo. Duka likawa tangi la maji au mahali pa kuhifadhi divai. Kifusi kikamwagwa katika vyumba visivyohitajika, na nyumba mpya ikapanda juu. Ndiyo maana ukiwa chini, ukiangalia dari, unakuta matao ya karne ya 16 na 17 yamekaa juu ya matofali ya karne ya 1, na pengine juu ya mawe makubwa ya koloni ya 194 KK. Tofauti ni rahisi kuiona ukiambiwa: Mrumi wa zama za Augusto alipanga vijiwe vidogo vya tufu kwa mshazari, mfano wa wavu, fundi wa baadaye alirundika alichokiokota, kipande cha marumaru pembeni ya kigae.

Njia kuu ya chini inafuata karibu mstari uleule wa Via Duomo iliyo juu. Unakanyaga mabamba ya mawe ya lava. Pande zote mbili kuna maduka. Simama kwenye duka la mkate, ambako mawe ya kusagia bado yapo. Jiwe la chini lina umbo la koni, la juu lina umbo la vikombe viwili vilivyoshikana kwa matako. Ngano inamwagwa kikombe cha juu, mti unapitishwa pembeni, na punda au mtumwa anazunguka. Tazama nafasi iliyobaki kati ya jiwe na ukuta, utajua aliyezunguka alikuwa na upana gani wa kupumua.

Ngano hiyo ilitoka Misri. Seneca, mwanafalsafa wa Kirumi, ameeleza siku ambapo meli za Iskanderia zilionekana: mji mzima wa Puteoli ulisimama gatini, na meli hizo zilitambulika kwa mbali kwa sababu ni zenyewe tu zilizoruhusiwa kuingia ghuba na tanga la juu likiwa limetandazwa. Jinsi biashara ilivyoendeshwa tunaijua kutokana na vibao vya mbao vya wakopeshaji wa hapa, ukoo wa Sulpicius, vilivyopatikana Murecine karibu na Pompei mwaka 1959. Kimoja ni cha tarehe 18 Juni, mwaka 37. Mfanyabiashara Gaius Novius Eunus anakopa sestersi 10,000, na rehani anaweka modii 7,000 za ngano ya Iskanderia pamoja na magunia 200 ya dengu na nafaka nyingine, yote yakiwa ndani ya ghala la umma la Puteoli. Modii moja ni karibu lita 8.7, kwa hiyo ngano peke yake ilikuwa lita 60,000 hivi. Eunus aliandika kwa mkono wake, na tahajia yake imejaa makosa ya mtu anayeandika anavyotamka. Wanaisimu wanaithamini mno kwa sababu hiyo.

Wageni walikuwa wengi. Wafanyabiashara wa Tiro walikuwa na kituo chao, na mwaka 174 waliandika kwao wakiomba msaada kwa kuwa kodi ya jengo imewashinda: wakati huo Roma ilikuwa na bandari yake karibu na Ostia, na Puteoli ilikuwa inapungukiwa. Wanabatia wa Petra walikuwa na hekalu la mungu wao Dushara. Liko chini ya bahari sasa, na madhabahu zake bado zinaonekana na wapiga mbizi.

Kuna pia Publius Annius Plocamus, wa ukoo uliojulikana sana Puteoli. Katika jangwa la mashariki ya Misri, kwenye njia ya misafara ya kutoka Mto Nile kwenda bandari ya Berenike, mtumwa wake aitwaye Lysas alichonga jina lake mwambani mwaka 6 BK. Mwandishi wa Kirumi Plinio naye anasema mtumwa aliyeachwa huru wa Annius Plocamus alisukumwa na upepo kutoka Uarabuni hadi kisiwa cha Sri Lanka. Bandari za Bahari ya Shamu kama Berenike ndizo zilizopokea bidhaa za India na pia za Azania, pwani yetu ya Afrika Mashariki, ambako mwongozo wa mabaharia wa Kigiriki wa karne ya 1 unaitaja Rhapta kuwa soko la mwisho, na pembe za ndovu kuwa bidhaa yake kuu. Kutoka Nile mizigo ilishuka Iskanderia, na meli za Iskanderia zilitia nanga hapa chini ya mwamba.

Ukitoka chini, ingia kanisa kuu la San Procolo. Kabla hujaingia zunguka ubavuni uone nguzo za Korintho. Ni hekalu la Augusto. Lucius Calpurnius alilipa, Lucius Cocceius Auctus alisanifu, na majina yao yalichongwa. Likafanywa kanisa, na katika karne ya 17 askofu Martín de León y Cárdenas alilipanua na kulivika mapambo ya baroko, mpaka marumaru ikafichika ndani ya kuta. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Mei 1964 paa liliungua, plasta ikadondoka, na nguzo zikaonekana tena baada ya miaka zaidi ya 300. Kisha ikaja 1970, na jengo likabaki wazi kwa mvua kwa miongo. Lilifunguliwa tena Mei 2014 kwa mpango wa kikundi cha Marco Dezzi Bardeschi: pale nguzo zinapokosekana kuna kioo kilichochapwa michirizi ya nguzo, na waumini wanakaa ndani ya hekalu lenyewe. Wapo wanaolalamika kuwa kioo kimeharibu. Kwa maoni yetu ndicho kilicholiokoa, maana ukuta wa tofali ungeficha tena kile ambacho moto ulikifunua. Nenda wakati ambao hakuna misa. Wakati wa ibada kutembeatembea hakuruhusiwi.

Siku ya 4, Jumapili. Monte Nuovo na Baia

Mlima wa Monte Nuovo una tarehe ya kuzaliwa: 29 Septemba 1538. Ardhi ilikuwa imepanda mita kadhaa, samaki wakabaki pakavu, kisha mlipuko wa wiki moja ukajenga kilima cha mita 133 na kukifuta kijiji cha Tripergole. Watu wa Pozzuoli walikimbilia Napoli. Makamu wa mfalme Pedro de Toledo aliwarudisha kwa kuwasamehe kodi na kujijengea jumba lake humohumo mjini. Kupanda ni rahisi, nusu saa. Nenda mapema, mchana lango hufungwa.

Baia iko kilomita chache mbele. Kwanza ingia chini ya kuba linaloitwa hekalu la Mercurio, ambalo kwa hakika lilikuwa bwawa la kuogea. Kipenyo chake ni mita 21.5, na limemwagwa kwa zege la pozolana zaidi ya karne moja kabla ya Pantheon, hekalu la Roma lenye kuba, tuliyo nayo leo. Maji yamejaa sakafuni; ongea kwa sauti ndogo, kuba litakurudishia.

Kisha bahari. Hifadhi ya Baia, iliyotangazwa mwaka 2002, ni mitaa, nyumba za kifahari na mabafu yaliyozama mita 5 hivi. Anayejua kuzamia aende na kituo chenye kibali. Asiyejua apande mashua yenye kitako cha kioo, au avae miwani na mrija mahali pa kina kidogo. Yanayoharibu ni mawili: upepo wa kusini na mvua ya siku iliyopita, vyote viwili huinua tope na mashua haiondoki. Uliza asubuhi ileile, usitegemee jibu la jana. Sanamu utakazoona Punta Epitaffio, za Odiseo, shujaa wa hadithi za Kigiriki, na wenzake katika ukumbi wa kaisari Klaudio, ni nakala. Asili ziko kwenye makumbusho ndani ya ngome ya Baia, pamoja na sanamu za Rione Terra.

Michoro ya sakafuni haiwi wazi wakati wote. Mwongozaji anafika mahali ambapo wewe unaona mchanga mtupu, anapunga kiganja taratibu juu yake, na vijiwe vyeusi na vyeupe vinajitokeza kwa mpangilio. Asiguse kwa kucha wala pezi, kwani gundi ya kale imelegea na kijiwe kimoja kikitoka jirani zake hufuata. Mkishatazama anaurudisha mchanga. Kome wa jamii ileile iliyotoboa nguzo za soko bado wapo ghubani, na mchanga wa sentimita chache unatosha kuwazuia.